Aliyelala Bugene

Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umeuatamia mji wa Kayanga kama kuku mwenye mayai mabovu, nao mji haukuwa na haraka ya kuanguliwa. Sajenti Mwaja Gharib wa upelelezi alikuwa amechuchumaa kando ya barabara ya Bugene, anatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Juzi palikuwa na mtu hapo. Yaani sanamu. Lakini ukitaka kuelewa kesi hii, usiharakishe kusema sanamu.

Mwaka huo wa tisini na tatu walikuwa wameletwa wasanii kutoka nchi za nje, wakaambiwa wapambe njia yote kutoka Kayanga mpaka Bugene. Mji wenyewe una mtaa mmoja na nusu, na ile nusu ni matope, lakini mgeni hakataliwi. Mjapani alitundika mianzi juu ya miti, upepo ukivuma ikapiga mluzi, watu wakazoea. Mbrazili akapaka mawe ya mlimani rangi za kila namna. Mbuzi wakayalamba, wala hakuna mbuzi aliyekufa. Kisha akaja Mpolandi mmoja, mwanamke mrefu aitwaye Danuta, mwenye Kiswahili cha kujifunza miezi sita Morogoro. Huyu kazi yake ilikuwa kuwapaka watu hai plasta ile ya kufungia miguu iliyovunjika, ikikauka anaibandua, na ndani ya ganda lile anamwaga mtu mwingine mweupe. Mji ukamwita Mama Plasta.

Mama Plasta alimlaza mtu wake chali kando ya barabara, macho yamefumba, akamfunika mpaka kifuani kwa lubugo, ile nguo ya kahawia inayopondwa kutoka gome la mti. Yeye aliona kitambaa kizuri cha kienyeji. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hizi lubugo linatoka sandukuni kwa shughuli moja tu: kumfunga marehemu.

Basi watu wa Bugene hawakuona sanaa. Waliona maiti isiyozikwa. Kina mama wa sokoni wakawa wakifika pale wanavuka barabara na mizigo yao kichwani, macho upande wa pili. Mbwa wakafika, wakanusa, wakarudi kinyumenyume. Muuza maziwa akaapa kwamba jioni moja alimsikia anakohoa, na kesho yake akaapa tena kwamba amegeuka ubavu. Na nyumba zile ambazo kijana wao alikwenda vita vya sabini na nane asirudi, wala barua wala buti lake, zilianza kufunga milango mapema.

Sasa ameondoka. Ndiyo kesi.

"Jumamosi wageni wanakuja," alisema Mama Plasta, amesimama nyuma ya Mwaja, mikono kiunoni. "Watu wa ubalozi. Mimi nataka mtu wangu."

"Tutamtafuta mtu wako."

"Si mtu. Sanamu."

"Wewe ndiye umesema mtu, mama."

Mwaja aliinama zaidi. Kwenye udongo mbichi kulikuwa na alama ya gurudumu moja jembamba, limeingia tupu likatoka limelemewa. Toroli. Kando yake nyayo za aina mbili: viatu vikubwa vya raba za tairi, na miguu mitupu, midogo, iliyokanyaga taratibu. Hakuna alama ya kuburuta. Aliyechukua alinyanyua, akaweka kwa adabu.

Lakini kilichomfanya akune kichwa kilikuwa nyasi. Pale sanamu ilipokuwa imelala pametandikwa nyasi mbichi, zimekatwa kwa mundu, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja, kama zinavyotandikwa sakafuni nyumba inapongoja wageni. Juu yake kulikuwa na maganda ya kahawa ya kutafuna.

"Mwizi kaiba, kisha katandika nyasi, kisha kakaa akatafuna kahawa," Mwaja alisema. "Nimekamata wezi wengi. Mwenye malezi mazuri hivi sijamwona."

"Mlinzi ndiye mwizi," Mama Plasta akasema. "Polisi wenyewe wamesema."

Ni kweli walisema. Polisi wakishamkamata mtu huwa hawapendi tena kubadili mawazo; wanasema ni kupoteza mafuta ya gari.

*

Mlinzi aliitwa Sebahire, mzee wa vibarua kutoka kijiji cha Songambele. Alivuka kutoka Rwanda ujana wake, akalima mashamba ya watu mpaka mgongo ukachukua umbo la jembe. Miaka ile wenzake walipoandikishwa uraia, yeye alikuwa anachimba mtaro wa tajiri mmoja, na tajiri hakumpa ruhusa. Kwa hiyo alikuwa mtu wa hapa kwa kila kitu isipokuwa kwa karatasi.

"Gari la Bukoba linaondoka alasiri," Mkuu wa Kituo, Mutalemwa, alimwambia Mwaja mlangoni mwa mahabusu. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuchoka. "Akifika kule na kesi ya wizi, bila karatasi, watamvusha mto. Na unajua ng'ambo ya mto sasa hivi kukoje."

"Kwa hiyo tusimpeleke."

"Nipe sanamu au nipe mwizi mwingine. Mimi wageni wa ubalozi siwezi kuwaonyesha nyasi."

Sebahire alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, viatu vyake vya tairi vimepangwa sawasawa kando yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Uliajiriwa kulinda nini?"

"Yule aliyelala."

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hilo hata mbuzi wa Kayanga wanalijua. Kaenda wapi?"

Mzee alivisogeza viatu vyake kidogo, ingawa vilikuwa sawa.

"Begani una vumbi jeupe."

"Ndiyo."

"Kifungo cha koti lako kimenasa uzi wa lubugo."

Mzee alikitazama kifungo kama anakisalimu. "Ndiyo."

"Na walipokuja jana asubuhi walikukuta umekaa palepale, unalinda hewa. Mwizi gani anaiba halafu anasubiri polisi?"

"Nilikuwa kazini."

"Ulimuuza?"

Hapo mzee aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana ameudhika. "Mtu hauzwi, binti."

Chumba kilinuka mkojo wa jana na dawa ya leo. Mzee alisugua goti lake, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Umetoka Bugene sasa hivi?"

"Ndiyo."

"Wamelima?"

"Nani?"

"Watu wa Bugene. Wanalima?"

"Mvua imeanza, mzee. Kila mtu yuko shambani."

"Kila mtu?"

"Sikupita nyumba kwa nyumba kusalimia majembe."

Sebahire akafumba macho, akaegemeza kichwa ukutani. "Wakishalima wote," alisema, "nitasema."

Nje, Mutalemwa alikuwa anamngoja anacheka bila furaha. "Amekuuliza kilimo? Hata mimi ameniuliza. Anatuchezea huyo. Jioni atakuwa anawauliza habari za kilimo watu wa uhamiaji."

*

Katika mji wa Kayanga kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa amesema mbele ya umma kwamba sanamu ile ataichoma moto kwa mkono wake. Alikuwa mfanyabiashara Shaaban, mwenye duka la vyombo na zana pale njia inapoanza kwenda Bugene. Tangu watu waanze kukwepa barabara, wateja walikuwa wanapita nyuma ya duka lake. Kwa bahati mbaya ya upelelezi, Shaaban alikuwa pia mdogo wake baba yake Mwaja.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Umekuja kama mtoto au kama serikali?"

"Kama serikali."

"Basi usikae kwenye kiti changu."

Mwaja alibaki amesimama. "Uliapa kuichoma ile sanamu."

"Niliapa. Na mwaka jana niliapa kuacha sigara." Shaaban alivuta moshi. "Unanihoji mimi niliyekununulia viatu vya kwanza?"

"Ndiyo maana nimekuja nimevaa viatu. Toroli lako liko wapi?"

Mkono wa Shaaban ulisita na sigara yake hewani, kidogo tu. Lakini Mwaja alilelewa katika familia ya wafanyabiashara. Kusita kwa mkono anakujua tangu mizani ya dukani.

"Uani."

Toroli liliegemezwa ukutani, limeoshwa likatakata. Mwaja alilipindua. Kwenye kiungo cha gurudumu, mahali maji hayafiki, palikuwa na uji mweupe uliokauka. Aliukwangua kwa ukucha. Haukuwa unga. Ulikuwa mgumu kama jino.

"Baba mdogo."

"Usinitazame hivyo. Sikuliendesha mimi."

"Nani?"

Shaaban alitazama huku na huku, kana kwamba mabeseni yangemsikia. "Kantengwa. Yule mama mjane wa Bugene, mwenye mwana anayefanya utingo kwenye lori la kahawa. Aliniomba abebe mbolea ya ng'ombe. Karudisha limeoshwa. Nikasema moyoni, Shaaban, tangu lini mtu akaosha toroli la mbolea?"

"Kwa nini hukusema?"

"Mtu amenirudishia toroli safi, niende polisi?"

Mwaja alikuwa tayari kutoka, akakumbuka. "Wewe umekaa na Wanyambo, wenyeji wa hapa, miaka arobaini. Mtu akiuliza kama watu wa mahali fulani wamelima, ana maana gani?"

Shaaban akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo taabu ya mikono isiyojua jembe! Muulize muuza majembe. Akifa mtu, mimi siuzi hata jembe moja kwa jamaa zake mpaka matanga yaishe. Hawagusi. Wanayatundika ukingoni mwa paa, yanabaki yanatazama mvua. Siku wakiyashusha, msiba umekwisha, marehemu amekaa mahali pake, hasumbuliwi tena." Aliacha kucheka. "Lakini Bugene hakuna msiba wiki hii. Ningejua. Sanda na mishumaa nauza mimi."

Mwaja alisimama mlangoni. Kumbe mzee wa mahabusu hakuwa anauliza habari za kilimo. Alikuwa anauliza habari za msiba. Na msiba huo haukuwa na maiti.

*

Aliendesha baiskeli hadi Bugene. Kila kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba, alichopita kilikuwa kimeinama: wanawake kwa wanaume, migongo juu, majembe yanapanda na kushuka katikati ya migomba, udongo mweusi unapinduliwa kupokea maharage. Watu walimpungia, wakamtania: "Afande, njoo tukukamatishe jembe!"

Kibanja cha Kantengwa kilikuwa kimya. Majani makavu ya migomba yalikuwa yameanguka, hakuna aliyeyaokota. Ukingoni mwa paa yalitundikwa majembe matatu, makali yake yanatoa matone ya mvua. Uani palikuwa na moto wa magogo, moto wa kukesha, ingawa ilikuwa mchana. Kina mama wachache walikuwa wameketi kuuzunguka.

Kijana mmoja alikuwa amesimama mbali na wengine, nje kabisa ya uzio, anatafuna kahawa kwa haraka kama mtu anayetafuna maneno. Mwaja alimtazama mara mbili. Ilikuwa sura ileile. Paji lilelile, kovu dogo lilelile kidevuni. Ni yule aliyelala, isipokuwa huyu alikuwa amefumbua macho.

"Wewe ndiye Yustus."

"Mpaka jana ndiyo nilikuwa." Alijaribu kucheka. "Afande, umewahi kufika kwenye mazishi yako? Nimerudi na lori kutoka Bukoba, nateremka, mtu wa kwanza kuniona anatupa ndoo anakimbia. Wa pili ananiuliza nimesahau nini."

"Mama Plasta alikupaka wewe."

"Alinilaza kwenye mkeka, mirija puani, akasema nisicheke. Nikalala mpaka plasta ikakauka. Kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kufanya." Alitema ganda la kahawa. "Mama alikuja kutazama. Alisimama mlangoni mwa karakana siku ile, na siku ya pili, na ya tatu, wakati mimi nilishaondoka. Nilidhani anapenda sanaa."

Mwaja aliingia uani. Kantengwa alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, kichwa kimenyolewa upya mpaka kinang'aa. Miguu yake mitupu ilikuwa midogo. Mwaja alipiga goti.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Nani amefariki, mama?"

"Mwanangu Rwezaura."

"Amefariki lini?"

"Alikwenda vitani mwaka wa sabini na nane."

"Na amezikwa lini?"

"Usiku wa juzi," Kantengwa akasema, akanyoosha kidevu upande wa migomba.

Lilikuwepo pale. Tuta jipya, refu kiasi cha mtu, limepigwapigwa kwa viganja, na juu yake nyasi mbichi, vichwa vyote upande mmoja.

"Wazee wa ukoo waliniambia tangu zamani," mama alisema, macho kwenye moto. "Mtu akifia mbali, mwili usipoonekana, unakata mgomba, unaufunga lubugo, unauzika, anatulia. Wenzangu wote walizika migomba. Mimi nikakataa. Mgomba hauna uso. Nitajuaje kama ni yeye?" Akakoroga moto. "Miaka yote hiyo amekuwa anakuja mlangoni. Anagonga, nikifungua, hayupo. Ndugu yake huyu alikuwa mtoto wa kubebwa. Kakua. Kafika umri ule. Siku hiyo napita barabarani, namkuta Rwezaura wangu amelala, macho amefumba, lubugo juu yake, na hakuna aliyemchimbia. Mvua inamnyeshea. Watu wanavuka barabara. Wewe ungevuka?"

Mwaja alitupa kijiti motoni. Swali hilo halikuwa la polisi.

"Sebahire alikusaidia kubeba."

"Nilimkuta kazini. Nikamwambia, baba, mwanangu amerudi. Hakuuliza lolote. Akavua kofia, akamnyanyua begani kama anavyobebwa mtu." Alitazama majembe. "Nilimwapisha asiseme mpaka tulime. Polisi mngekuja kumfukua kabla hajatulia. Kesho alfajiri tunayashusha."

Kesho alfajiri. Na gari la Bukoba ni leo alasiri. Mwaja aliinuka aende kituoni, lakini gari likaja lenyewe. Lendrova ya polisi ilifunga breki nje ya uzio. Mutalemwa alikuwa ameona baiskeli ya kituo imeegemezwa kwenye mgomba. Mbele ameketi na Mama Plasta, aliyekuwa anakwenda Bukoba kuandikisha malalamiko yake. Nyuma, kati ya askari wawili, Sebahire na pingu. Kwenye sakafu ya gari koleo mbili za kujinasulia matopeni.

"Sajenti! Umekuja kulima?"

Mwaja alimweleza kwa maneno machache, huku anatembea kando yake. Mutalemwa alikuwa anaitikia kwa pua. Alipofika uani akaona moto, akaona kichwa kilichonyolewa, akaona tuta. Mguno ukakatika.

"Ipo hapo chini?" Mama Plasta aliuliza. "Sanamu yangu ipo ndani ya udongo? Na maji?" Uso ulimwiva. "Nimefanya kazi miezi mitatu! Toeni!"

"Leteni koleo," Mutalemwa akaamuru.

Askari walileta. Wakasimama nazo mbele ya tuta. Mmoja alikuwa mwenyeji wa Bweranyange, wilaya hiyohiyo. Alitazama nyasi zile zilivyotandikwa, akaiweka koleo chini polepole, kama anayelaza mtoto. Mwenzake alianza kukohoa kikohozi cha ghafla, akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

"Nimesema chimbeni."

Hakuna aliyechimba. Mutalemwa mwenyewe alishika mpini wa koleo, akaubana, akaonekana anafikiri jinsi mama yake huko kwao atakavyomwangalia. Kisha akavua kofia.

"Mama Danuta," alisema, "mali ni yako. Sisi wengine tuna wazee wetu. Chimba wewe."

Mama Plasta hakuwa mtu wa kutishika. Alitazama koleo zikiwa miguuni mwa wanaume waliokuwa wanazikwepa kwa macho, akaona aibu kuziokota hapo. Akageuka, akaenda hatua za haraka hadi ukingoni mwa paa, akanyoosha mkono kwenye jembe la kwanza. Kina mama wote wakainuka kwa pamoja, bila sauti.

"Ukilishusha," Kantengwa alisema, naye hakuinuka, "ataanza tena kugonga mlango. Safari hii nitamleta kwako akugongee wewe."

Mkono wa Mama Plasta ulibaki kwenye mpini. Jembe likayumba kidogo, likatoa mlio dhidi ya boriti.

Yustus ndiye aliyevuka uzio. Alikatiza uani akipita mbali na tuta, akaja akasimama kati ya Mama Plasta na jembe, karibu mno, hata mwanamke yule akalazimika kumtazama usoni.

"Mama Plasta. Ulitaka sura? Sura hii hapa, sijaizika. Nitalala tena kwenye mkeka wako. Leo hii. Na sitacheka."

Mama Plasta alimtazama paji, kovu, kope. Alikuwa anaujua uso ule kwa vidole kuliko mtu yeyote duniani isipokuwa mmoja. Akageukia kule motoni.

"Mama," aliuliza taratibu, "alifanana hivi? Kweli?"

"Ni yeye," Kantengwa alisema. "Huyu alimkopesha uso tu."

Jembe lilibaki mahali pake. Mama Plasta aliufuta mkono wake kwenye suruali, mara mbili, ingawa haukuwa na tope.

Mwaja hakuacha nafasi hiyo impite. "Mlalamikaji, mbele ya mkuu wangu nakuuliza. Umeibiwa?"

"Hapana." Alilitazama tuta. "Nilimlaza mahali si pake."

"Na lubugo?" Mutalemwa akauliza, maana naye alikuwa ameanza kupata akili.

"Sitatumia lubugo tena."

"Basi hakuna wizi, na pasipo wizi hakuna safari." Mutalemwa alirudisha kofia kichwani, akaiweka upande. "Mfungueni mzee. Na mtu asinitazame."

Sebahire aliteremka garini akisugua vifundo vya mikono. Hakushukuru mtu. Aliyahesabu majembe ukingoni mwa paa kwa macho, akaridhika, akaenda akaketi motoni upande wa wanaume, ambako hakukuwa na mwanamume mwingine. Mwaja alichuchumaa karibu yake.

"Mzee, ungevushwa mto kwa ajili ya mtoto wa mtu."

"Ndiyo." Alinyoosha viganja kwenye moto. "Wangu anaitwa Celestin. Alivuka mwaka wa tisini, yeye na wenzake, kwenda vitani kule Rwanda. Akaniambia, baba, nitarudi kabla ya mavuno. Naye sasa anagonga." Alitazama upande wa Yustus, aliyekuwa amekubali hatimaye kukaa chini. "Mama Kantengwa Mungu alimwachia wa pili. Mimi nilikuwa na mmoja. Wangu nani atamkopesha uso?"

*

Kesho yake kabla jua halijafuta ukungu, Mwaja alisikia kutoka Bugene majembe yakilia udongoni, mengi kwa pamoja. Kibanja cha mwisho kilikuwa kinalimwa.

Siku iliyofuata alipita kwenye ghala kuukuu la kahawa, ambalo Mama Plasta alikuwa amelifanya karakana, kumchukua Yustus akatie sahihi maelezo yake. Yustus alikuwa nje, anakoroga plasta kwenye ndoo, ameshamaliza zamu yake. Aliweka kidole mdomoni.

Ndani, juu ya mkeka, mtu mwingine alikuwa amelala chali. Uso wote umefunikwa plasta, mirija miwili puani, viatu vya tairi vimepangwa sawasawa kando. Mama Plasta alikuwa amepiga magoti anaangalia ukavu kwa ncha za vidole. Ule uso mweupe ulipumua taratibu, na kwa muda Mwaja alisimama pale mlangoni bila kujua anamtazama aliye hai au mwingine.

Ganda likabanduka. Chini yake akaonekana Sebahire, anapepesa, mikunjo yake yote ya miaka sitini imejaa unga.

Mama Plasta aligeuza ganda upande wa mwanga. Kila mkunjo ulikuwemo.

"Mzee," Mwaja alisema kwa upole, "Celestin si alikuwa kijana? Watu watasema si yeye."

Sebahire aliketi, akavaa kiatu kimoja, kisha cha pili, akajipangusa paji kwa kiganja.

"Watasema. Lakini Celestin wangu, alikokwenda hawakumngoja azeeke," alisema. "Nimempa na uzee."